Mwenyeji Rasmi

Jambo lenyewe lote, mwanangu, liligharimu dakika nne za jukwaani, beberu mmoja mweusi, na Jumamosi zangu za miaka mitatu. Nimehesabu mara mbili kama ilivyo kawaida yangu, na mara ya pili nikakuta nimesahau suruali iliyochanwa na senyenge kule Buhare. Iongeze. Fedha siitaji kwa sababu haikuwa sehemu kubwa ya jambo, na wewe unanijua, ingekuwa kubwa ningeanza nayo.

Nakuandikia kwa sababu juzi ulikuja hapa dukani kwangu Bunda, wewe na wenzako wawili, litungu na nyuzi zake mmelifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga, mkaniomba niende Musoma kuwapigania dakika za tamasha. Mmesikia kwamba ujanani nilikuwa mtu wa kazi hiyo. Mmesikia kweli, na nitakwenda. Lakini kabla sijapanda gari nataka ujue kwamba zamani niliwahi kupata dakika kumi na tano, na ili nizilinde nikamtoa mtu mbele ya umati nikamwita kitu ambacho hakuwa. Mtu huyo yuko hai. Anaitwa Masatu, anaishi Buhare, na hadi ninapoandika hapa hajui nilichomfanyia. Akijua vibaya, jina lake lote analotembea nalo mjini litageuka mzaha. Ndiyo shida yenyewe, na bado ninayo.

Nikikumbuka siku ile, nakumbuka kwanza saa ya mkononi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nauza mitumba Bunda, na saa yenyewe niliikuta ndani ya mfuko wa koti kwenye robota. Ilikuwa inakwenda vizuri, kwa hiyo nikajiona mtu wa wakati. Baba yangu mkubwa, Mzee Wambura wa Butiama, alikuwa mpiga litungu. Alikuwa na mpiga ngoma mmoja na mama mmoja wa kumwitikia, basi. Hawakuwa na mfadhili, wala kampuni, wala kanda iliyorekodiwa. Walikuwa na litungu la nyuzi nane, ngoma mbili, njuga za miguuni, na mimi, niliyejiteua kuwa meneja siku niliposikia kwamba Musoma kutakuwa na tamasha la wasanii wa asili wasio na mtu nyuma yao. Mtu nyuma yao, nikasema, ni mimi.

Nikaenda kwa mratibu. Alikuwa dada mmoja mpole kutoka Mwanza, ana ubao wa karatasi na kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibiwe. Nikampenda kwa ule uzi. Akaniambia kila kundi lina dakika kumi. Nikaomba ishirini na tano, nikiwa nataka kumi na mbili. Nikamweleza kwamba litungu si gitaa, kwamba nyuzi nane zinahitaji muda kuliko sita, hesabu ni yake mwenyewe afanye. Akaifanya. Akanipa kumi na tano ili niondoke. Nikatoka pale najiona nimenunua ng'ombe kwa bei ya kuku.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo, nalo halionekani kama kosa. Nilipatana bei ya wimbo bila kumwuliza mwenye wimbo unaanzia wapi.

Kwa Mzee Wambura litungu halipigwi hewani. Linapigwa kwa mtu. Akifika mahali, iwe harusi, iwe mavuno, anakaa kwenye kigoda, anauliza mwenye mji ni nani. Na wewe umezaliwa mjini, kwa hiyo nikueleze: kwetu tukisema mji hatusemi barabara na taa. Mji ni boma la mtu, nyumba zake, zizi lake, watu wake, na mlango wa kwanza unaouona ukiingia. Mwenye mji anajitokeza, anaulizwa maswali matatu. Jina lako. Jina la baba yako. Mlango wako unatazama wapi. Akishajibu, wimbo wa kwanza ni wake, na kuanzia hapo wapigaji ni wageni wake, hawaonji chakula cha mtu mwingine kabla ya chake. Nyimbo nyingine zote zinafuata baadaye. Hayo nilikuwa nayaonaga tangu mdogo. Ila sikuwahi kuyaona mahali pasipo na mwenyewe, na wala haikunijia kichwani kwamba uwanja wa tamasha ni mahali pa namna hiyo.

Wakaitwa jukwaani saa tisa na dakika kumi alasiri. Umati ulikuwa mkubwa: wanafunzi, mama wauza sato, wavuvi waliotoka kulala, watu wa Tarime, watu wa Ukerewe, kila mmoja amesimama na wa kwao. Fundi wa mitambo akafunga kipaza sauti kwenye litungu kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mzee akakaa, akagusa nyuzi zote nane, kisha akazinyamazisha kwa kiganja na kuinama.

"Mwenye mji yuko wapi?"

Mshereheshaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye miwani ya jua. Akadhani anaulizwa habari za ratiba, akajibu kwamba mgeni rasmi yuko njiani.

"Mgeni simwulizi," Mzee akasema. "Mimi mwenyewe mgeni. Nauliza mwenyeji."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka, akangoja. Mshereheshaji akamtazama mratibu, mratibu akapanda ngazi, akamweleza kwa heshima kwamba hapa hakuna mwenyewe, hapa ni petu sote. Mzee akalifikiria hilo jibu vizuri kabisa, kama mtu aliyeletewa chakula asichokijua.

"Pakiwa pa wote," akauliza, "nani ananipa maji?"

Saa yangu ilikuwa inakwenda. Dakika moja ilikuwa imekwisha, ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Mzee alikuwa ametulia pale juu kama ana siku nzima, na kundi lililofuata lilikuwa tayari linafungua ngoma zao nyuma ya turubai. Nilimjua baba yangu mkubwa. Asingepiga. Angeshuka na litungu lake, arudi Butiama, na asingekasirika hata kidogo.

Pembeni ya jukwaa, mkono wangu wa kushoto, alisimama mwanamume wa umri kama wangu. Shati jeupe, viatu vimepigwa rangi, mikono nyuma. Alikuwa anautazama uwanja taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, midomo inacheza kidogo. Nikamtambua kwa ile midomo. Alikuwa anahesabu. Baadaye nilijua kwamba alikuwa kibarua wa mtu wa kukodisha viti, na anahesabu viti mia mbili na vinne ambavyo kimoja kikipotea kinakatwa kwake. Lakini anayehesabu mali ya mwingine kwa hofu na anayehesabu ya kwake kwa raha wana uso mmoja. Ukimtazama kutoka mbali, uwanja wote ulikuwa wake.

Nikamshika mkono. Nikamwambia apande ngazi mbili tu, na akiulizwa kitu ajibu. Akaniambia ana viti. Nikamwambia vitakuwepo. (Vilikosekana viwili. Tulivikuta chini ya mama mmoja na mzigo wake.) Nikamgeukia Mzee, nikasema kwa sauti ile ya kufungia biashara:

"Huyu hapa mwenye mji."

Mzee akamtazama. Akamwuliza jina, akasema Masatu. Wa nani? Wa Mafuru. Mlango wako unatazama wapi?

Hapo Masatu akakaa kimya. Majina kila mtu anayo tayari, lakini kwa swali la mlango sikumtayarisha. Akainua macho juu ya umati. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeangalia kitu:

"Unatazama ziwani."

Mzee akapiga.

Mwanangu, nimesikia litungu tangu kabla sijajua kutembea, lakini siku ile sikulielewa. Alimwimba Masatu wa Mafuru dakika kumi na moja zote zilizobaki. Aliimba jina lake, akaimba baba yake, akaimba mlango na jua linavyouingia asubuhi na watoto wanavyoujaza kelele, na ziwa linavyokuja mpaka kizingitini kusalimia na kurudi. Hakuna aliyemjua huyo Masatu. Lakini watu walianza kusogea. Mama mmoja muuza samaki akataja jina la baba yake kwa sauti, akajibiwa na mtu wa upande mwingine kwa jina la baba yake yeye, na majina yakaenda hivyo uwanja mzima, mpaka yule mshereheshaji akavua miwani yake ya jua. Nikawa na hamu ya kujua wamepatwa na nini. Watu hawa wamesimama hapa tangu asubuhi, wamesikia makundi sita, wamepiga makofi makundi yote sita, sasa mbona wanafanya hivi kwa kibarua wa viti? Nikamwuliza yule mama baadaye. Akanitazama kama anamtazama mtu anayeuliza njia ya kwenda kwao.

"Nilikuwa nimesimama tu hapa, sina kwa nani," akasema. "Sasa najua niko kwa Masatu."

Tulikuwa tumeandaa nyimbo nne. Tulipiga mmoja. Nikaenda kwa mratibu kudai zile dakika nne za mwanzo kwa hoja kwamba hazikuwa za muziki, akaniambia hata kama hazikuwa za muziki, zilikuwa za jukwaa lake. Nilimheshimu sana yule dada.

Sasa nilidhani biashara imekwisha. Tunafunga ngoma, saa kumi na moja hivi, nikamwona Masatu anakuja, amebeba kiti chake cha mwisho. Akakiweka chini. Hakusema na mimi, alisema na Mzee.

"Mnakula kwangu."

Mzee akainuka pale pale. Kwake hilo halikuwa jambo la kujadili, lilikuwa ndilo jambo linalofuata.

Masatu alikuwa anakaa Nyasho. Vyumba viwili vya kupanga, uani kuna wapangaji wengine watatu. Tukafika, Mzee akasimama mlangoni kama desturi yake, akageuka aone mlango unatazama wapi. Ulikuwa unatazama ukuta wa jirani. Ukuta wa tofali za saruji, hatua mbili kutoka puani kwake. Akautazama ule ukuta. Sote tukautazama.

"Ziwa lipo nyuma ya huo," Masatu akasema. "Ukuta umekujaga juzi tu."

Mke wake, Nyamisi, alikuwa ameshachinjisha. Na huyo beberu, nikaja kujua kwa yule mama mwitikiaji aliyekwenda kumsaidia jikoni, alikuwa amewekewa siku yake. Wakwe walikuwa wanakuja Jumapili kutoka Majita. Masatu alikuwa hajamaliza mahari, miaka minne sasa, na beberu ndiye alikuwa wa kuwatuliza. Mama mwitikiaji alipomwuliza kwa nini asipike samaki tu, Nyamisi alimjibu huku anakoroga: wametaja jina la baba mkwe wangu kwenye spika, dada, sasa mimi niwape dagaa? Wakwe walipofika Jumapili walikuta kamba tupu. Sijui Masatu aliwaambia nini. Nimemwuliza mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili amecheka.

Tukiwa tunakula, akaingia mwenye nyumba. Mzee mmoja mnene, amevaa fulana, mkononi ana tochi ingawa jua lilikuwa bado lipo. Alisimama uani.

"Nimeambiwa nyumba yangu imepata mwenyewe mwingine," akasema. "Imetangazwa uwanjani. Nimekuja nimwone."

Kila mtu akaacha tonge mkononi. Mimi nikaanza kuhesabu milango ya kutokea, ikawa mmoja. Kisha Masatu akainuka, akanawisha mikono ya yule mzee yeye mwenyewe, akavuta stuli.

"Karibu, baba. Leo nina wageni."

Yule mzee akaangalia wageni, akaangalia litungu, akaangalia nyama. Akakaa. Alikula sahani mbili, na alipoondoka alimuaga Masatu kwa kumwita mwenyeji. Sikujua kama ni dhihaka au heshima. Hata leo ningependa kujua.

Lakini nilipogeuka nikakuta Mzee Wambura ananitazama. Alikuwa ameelewa yote, tangu ukutani.

Hakuniambia kitu mbele za watu. Asubuhi yake tulishuka ziwani kunawa, mimi na yeye. Akanawa uso, akajifuta kwa shati, akaniuliza kama nilikuwa namjua yule mtu. Nikasema hapana. Akaniuliza kwa nini nilimchagua. Nilikuwa na majibu mengi, mimi ni mtu wa mitumba, jibu halinikosi. Lakini maji yalikuwa baridi na uso wake ulikuwa karibu.

"Alikuwa amesimama," nikasema.

"Alikuwa amesimama," akasema. Akalirudia lile neno kama analipima uzito. "Kijana, mura wangu, wewe umemchukua mtu asiye na mji, ukamvika mji mbele ya watu wote wale. Mimi nikauimba. Wimbo siwezi kuurudisha. Sasa yamebaki mawili. Mimi niwe mwongo, au yeye awe na mji. Mimi mzee, siwezi kuanza uongo leo."

Nikamwuliza, basi niende nikamwambie ukweli nimwombe radhi. Nilikuwa nataka sana kwenda, mwanangu, kwa sababu radhi ni rahisi, inaombwa asubuhi moja na mtu anarudi Bunda kufungua robota.

"Ukimwambia leo utakuwa umekula mbuzi wake na jina lake kwa siku moja. Kwanza awe na huo mji. Siku atakapokuwa nao utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, na atacheka."

Ndivyo nilivyopoteza Jumamosi zangu. Masatu nilimwambia kwamba tunamshukuru kwa ukarimu, naye hakuniona mwongo, kwa sababu tulikuwa tunamshukuru kweli. Nilimtafutia kiwanja Buhare, pembeni ya mji, kwa bibi mmoja aliyekuwa anagawa shamba lake. Nilikwenda nikidhani namfundisha bibi kupatana bei. Alinichelewesha miezi saba. Kila nikifika alikuwa amekumbuka mti mwingine ulio ndani ya kiwanja, na kila mti una habari yake. Masatu alilipa mwenyewe, kwa viti, kidogo kidogo. Mimi nilibeba tofali, nikabishana na mafundi, nikachanika suruali. Mzee Wambura alikuja na wenzake kutoka Butiama tulipochimba msingi. Mpiga ngoma alichimba, mama mwitikiaji alisomba maji, Mzee akapiga litungu kwenye kivuli, na nilipomwambia tuna jembe moja la ziada akasema analiona.

Nyumba ikaisha mwaka wa tatu. Mlango Masatu aliuelekeza ziwani. Lipo mbali kidogo, lakini hakuna ukuta. Mzee akaja, akakaa kwenye kigoda, akauliza upya maswali yake matatu kama hajawahi kuyauliza, na Masatu akayajibu kama hajawahi kuyajibu. Safari hii hakukaa kimya kwenye la mlango.

Wimbo ulipokwisha Mzee akaniangalia. Nilijua ndiyo siku. Nikainuka kabisa, nikamfuata Masatu kule uani. Nikamkuta amewakusanya watoto wa majirani na wanawe wawili, anawasimulia. Kwamba uwanja ulijaa watu, wakubwa wa mji wamekaa mbele, na yule mzee kipofu wa mambo ya dunia (ndivyo alivyosema, na Mzee alikuwa anaona sindano) akawapita wote kwa macho, akamwona yeye, kibarua wa viti. Akaona kitu. Nyamisi alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria, anasikiliza kama ni mara ya kwanza.

Nikarudi nikakaa. Mzee hakuniuliza. Nilimwambia nitamwambia wiki ijayo. Mwanangu, Mzee Wambura alifariki baada ya mavuno mawili, na ile wiki ijayo bado haijafika.

Umeshaelewa sasa kwa nini makundi yote yanayokuja tamasha hupitia Buhare kwanza. Hamjui lilikoanzia, mnajua tu kwamba kwa Masatu kuna maji, kuna mkeka na mtu wa kukuuliza jina la baba yako. Ana nyumba tatu leo. Ana viti vyake na maturubai yake. Alioza binti yake wa kwanza pale, na wakwe walimtafuta kwa kuuliza njia ya kwa mwenye mji. Hakuna aliyempa zaidi ya ule wimbo. Mengine kayatoa kwenye mikono yake mwenyewe, na mimi nilikuwepo, nilihesabu.

Basi nikuambie ninachotaka kukuambia, kisha nikuache.

Kabla hujanituma kupigania dakika, nenda kauliza mwenyeji ni nani. Usiulize mgeni rasmi, huyo watakutajia hata usipouliza, na ana kiti chenye kitambaa. Mwenyeji uliza mwenyewe, kwa mdomo wako, mapema, siku moja kabla, siyo umekaa jukwaani na saa inakwenda. Ukiambiwa hayupo, tafuta mtu anayekaa jirani na uwanja, mwombe maji, mwambie jina lako, mwulize lake. Ukishamjua mtu mmoja tu pale, umati wote utajua uko kwa nani, na wewe utajua unampigia nani. Nilifikiri dakika ndizo zinazobeba muziki. Ile siku tulipoteza nne, na hakuna anayekumbuka makundi yaliyotumia kumi zao zote.

La pili. Haraka yako ikikufanya useme jambo juu ya mtu ambalo hukulijua, usiridhike kwamba limepita salama. Kaa naye. Shika tofali upande wa pili mpaka neno lako liwe kweli. Na likishakuwa kweli, mwambie lilikuwaje kabla. Mimi nilifanya la kwanza lote, la mwisho nikaliacha, na ninakwambia kwamba hilo la mwisho ndilo zito kuliko tofali zote za Buhare.

Mungu akupe mikono isiyochoka na sikio linaloweza kungoja. Akupe nyuzi zisizokatika kwenye jua la alasiri. Popote utakapokaa na litungu lako, Bunda, Musoma au mbali nisikokujua, asikose mtu wa kusimama na kusema huyu ni mgeni wangu, na mtu huyo awe anasema kweli. Akukuze uwe mkubwa kuliko sisi tuliokubebea ngoma.

Na sasa mimi nina ombi kwako, na silitoi kwa unyenyekevu wa wazee. Nalihitaji. Mratibu wa mwaka huu ameandika kwenye ratiba, juu ya jina la mgeni rasmi, "Mwenyeji Rasmi: Mzee Masatu wa Mafuru". Jumamosi atapanda jukwaani, na ameomba nipande naye. Jumanne alinipigia simu. Tuliongea habari za mvua, habari za magoti, kisha akanyamaza kidogo kama alivyonyamaza siku ile kwenye swali la mlango.

"Magesa," akaniambia, "waliobaki ni mimi na wewe. Nikikuuliza mbele ya watu utanijibu? Umati wote ule. Mzee aliona nini kwangu akanichagua?"

Nikamwambia nitajibu. Leo ni Alhamisi. Nimeandika majibu mawili, nimeyahesabu maneno mara mbili mbili, na moja ni fupi sana. Wewe ni kijana, utakuwa pale na wenzako, na huna deni na mtu yeyote katika jambo hili. Niambie, mwanangu. Nimjibu nini, na je, nimjibu pale juu, au nimtangulie Ijumaa asubuhi, nikakae naye mlangoni kwake?